Baba Amesikia

Nyasaka, Mwanza
Jumapili, 21 Septemba 2025

Mdogo wangu mpendwa Revocatus,

Nakusalimu kwa moyo wote. Shikamoo yako naipokea kabla hujaitoa, marahaba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Tereza, na huyo bwana mdogo wenu ambaye nasikia sasa anajigeuza mwenyewe kitandani na kuwanyima usingizi. Shangazi Ng'washi ameacha kukohoa? Mwambie ile dawa aliyoagiza nimeipata. Jirani yangu Antoni, ambaye kwao ni hukohuko Nansio, anavuka kwa meli Jumamosi, ataileta pamoja na bahasha hii. Sisi huku hatujambo kiasi. Baba anakula, anatembea na fimbo yake hadi kwenye lile jiwe kubwa nyuma ya nyumba na kurudi, anasikiliza taarifa ya habari ya saa saba na kubishana na mtangazaji. Macho nitayasema mbele.

Utashangaa kuona karatasi, maana miezi yote hii tumeandikiana kwa simu. Kwenye simu nina ufundi mwingi mno. Naandika, nafuta, naandika upya, mpaka neno linabaki laini na halina kitu ndani. Kwa kalamu, nikikata utaona nilipokata.

Najua unachosubiri kutoka kwangu. Kwetu mtoto wa kwanza hupewa jina na babu yake, na anayempelekea babu habari ya kuzaliwa kwake ni baba wa mtoto mwenyewe, si shangazi wala jirani. Ndiyo maana uliwakataza wote wasimpigie mzee. Ukaandika wewe, ukanitumia mimi nimsomee kwa kuwa macho yake hayasomi tena, na tangu mwezi wa sita unangoja jina. Ubatizo ni tarehe kumi na mbili Oktoba. Zimebaki wiki tatu, na mtoto wa watu bado anaitwa Bwana Mdogo. Nitafika huko, Revo, nakuahidi. Ila lazima nipitie kazini kwangu kwanza, kwa sababu huko ndiko nilikoumbuka. Vumilia kidogo, na Tereza asiseme wifi yake ameanza maringo ya kompyuta.

Unajua namwandikia programu Pankaj, pale Nyamagana, ghorofa ya pili juu ya duka la vitambaa la wazazi wake. Mwaka huu tulipata kazi ya zahanati moja ya upande wa Kisesa. Walitaka programu ya kuandikiwa amri, ile isiyo na picha wala vitufe: dirisha jeusi tu, unaandika neno, nalo linakujibu kwa maneno. Mtaalamu wao wa maabara ni dada mmoja anaitwa Kashindye. Anaandika amri na namba ya mgonjwa, programu inachukua majibu kutoka kwenye mashine ya kupimia damu na kuyatoa anakotaka yeye: kwenye skrini, kwenye faili la kumbukumbu, au kwenye printa iliyoko chumba cha daktari.

Mwanzoni niliandika ovyo. Kila mahali pa kutoa majibu nilipachomekea maelekezo yake palepale: kama ni skrini fanya hivi, kama ni printa fanya vile. Zahanati ilipotaka tuongeze na ujumbe wa simu kwa mgonjwa, nikajikuta nagusa mahali thelathini na saba, na kila nilipogusa pakaharibika pengine. Pankaj alikuja akasimama nyuma ya kiti changu, akatazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole kama ile ni programu au ni fungu la dagaa. Akanipa wiki mbili nibomoe nianze upya.

Nikakaa na karatasi, nikachora. Juu kabisa nikaweka klasi mama, yaani kielelezo ambacho sehemu nyingine za programu hukirithi kama watoto, nikaiita Mkondo. Klasi mama ya namna hii ni dhahania, haifanyi kazi yoyote yenyewe. Kazi yake ni kutangaza wajibu. Nikaandika kwamba mtoto yeyote wa Mkondo lazima ajue mambo matatu: kupokea maneno, kuyasukuma nje, na kufunga akimaliza. Namna ya kufanya ni juu yake. Mkondo wa skrini una njia yake, wa printa una njia yake, na programu haina haja ya kujua inaongea na mtoto yupi. Nilipomaliza nilicheka peke yangu, maana ilikuwa ni ile karatasi ya baba aliyoibandika nyuma ya mlango wa jikoni: kila mtoto wa nyumba hii atachota maji, atafagia, atasoma. Hakusema kwa vipi. Mimi nilichota kwa kichwa, wewe ulichota kwa baiskeli ya watu.

Halafu nikaongeza mtoto mmoja zaidi. Wakati wa kuijaribu programu sikutaka kumaliza karatasi za printa wala kuwatumia wagonjwa ujumbe wa uongo. Nikaunda mkondo unaopokea kila kitu na kukitupa. Nikauita Bubu. Ukimpa maneno anayachukua yote, hayapeleki popote, na akiulizwa anajibu kwa adabu kwamba amepokea herufi mia mbili na kumi. Klasi mama ilikuwa inaridhika, kwa sababu mimi niliyeitunga nilikuwa nimeiagiza iulize swali moja tu: umepokea? Sikuiagiza iulize kama yamefika.

Tena nikafanya jambo ambalo siku ile niliona ni ustaarabu. Printa ikiwa imezimika, programu ilikuwa inakatika katikati na kummwagia Kashindye mistari ya makosa mbele ya wagonjwa. Niliona aibu. Nikaandika kwamba printa isipopatikana, Bubu akae mahali pake na mambo yaendelee bila kelele. Skrini ikawa inasema: imetumwa.

Wiki ya kwanza ya mwezi huu mtu alichomoa waya wa printa achaji simu, akasahau kuurudisha. Kwa siku mbili majibu ya wagonjwa kumi na tisa yaliingia kwa Bubu. Daktari alidhani maabara inachelewa, maabara ikadhani daktari ndiye anayechelewa, na katikati yao mama mmoja alikuwa anakuja na mtoto mwenye homa, anakaa kwenye benchi hadi jioni, kila upande ukimwambia kwamba majibu yake yako upande wa pili. Mtoto amepona, nashukuru Mungu kwa hilo kila nikiamka. Kashindye ndiye aliyenipigia. Hakunitukana. Aliniuliza tu, taratibu, hiyo imetumwa yako imetumwa kwa nani. Na ninakwambia ukweli, mdogo wangu, wakati ule sikuwa nawaza printa.

Pankaj alinisimamisha mbele ya ubao nieleze. Nikaeleza, nikasema Bubu ni wangu na aliyemkalisha pale ni mimi. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisema programu inayokatika kwa kelele ina adabu kuliko inayodanganya kimyakimya, kisha akaniambia nirekebishe klasi mama. Jumanne nikaandika wajibu wa nne: kuthibitisha. Mkondo wowote usioweza kuonyesha kwamba maneno yamefika, useme wazi hayakufika, na programu isimame hapohapo. Kazi ilinichukua asubuhi moja. Mchana nikaangalia majaribio yote yanapita, nikafunga kompyuta, nikarudi nyumbani. Nilipokuwa navua viatu mlangoni baba akaniuliza swali lake la kila siku, kama kuna neno kutoka Nansio. Nikamjibu hakuna.

Sasa nimefika, Revo. Kaa chini kama umesimama.

Baba hajasikia ujumbe wako hata mmoja.

Wa kwanza uliutuma mwezi wa tatu. Unakumbuka mlivyoachana Januari pale bandarini, ulipomleta kwangu kwa sababu ya macho, naye akasema umemhamisha kama meza. Akasema pia hataki kusikia sauti yako kwenye simu, anayetaka kusema naye aandike kama mtu aliyesoma. Ukaandika. Ukasema hukumfukuza, ulimwokota kando ya jiko linalowaka akiwa hauoni moto, na kama anaona ulimtupa basi akae hukohuko kwa binti yake anayempenda. Siku hiyohiyo tulikuwa tumetoka kupima presha, imepanda, nesi akaniambia mzee asiudhiwe. Nikausoma ule ujumbe mara mbili nikiwa jikoni. Nikatoka nikamwambia baba leo kuna joto. Wewe nikakuandikia: baba amesikia.

Niliona nimewaokoa wote wawili. Nililala vizuri kabisa siku ile, hilo nalo ulijue.

Wa pili ulikuja mwezi wa tano, unaomba msamaha kwa maneno ya mwezi wa tatu. Ulikuwa ujumbe mzuri, nililia. Lakini ningeusomaje? Angeniuliza maneno gani ya mwezi wa tatu. Nikasema nitatafuta namna. Nikakuandikia: baba amesikia. Wa tatu ulikuja Juni, mtoto amezaliwa, na mwisho wake uliandika sentensi ambayo naijua kwa moyo: kama umenisamehe mpe mtoto jina, na kama hujanisamehe nitajua kwa kunyamaza kwako.

Ungeweza kuniambia ningekata kipande kinachomhusu mtoto nikakisoma peke yake. Nilijaribu. Nilisimama mbele yake mara tatu nikiwa na simu mkononi. Ila nilijua akishakupa jina mtaongea, na mkiongea saa moja tu mtagundua. Wakati huo presha yake ilikuwa imeshuka zamani. Aliyekuwa analindwa ni mimi. Hili ndilo nililokuwa nalikimbia siku zote, kuliandika kwa mkono wangu.

Basi nikawa mfungwa ndani ya nyumba ninayoilipia kodi mwenyewe. Kila jioni nikikaribia nyumbani naona kiti chake mlangoni. Nilianza kuzunguka kwa njia ya juu, nakaa kwenye mawe, hatua mia moja kutoka mlango wangu, naangalia ziwa mpaka nione ameingia ndani. Lakini alikuwa ananisubiri, na swali lilikuwa lilelile. Wewe nawe unaniuliza, baba amesemaje. Nimehesabu jana. Nimekujibu kwa jina lake mara kumi na moja. Kila jibu lilikuwa linahitaji lingine la kuliegemea, na kila siku iliyopita ilifanya kesho yake iwe ngumu zaidi kusema. Yeye anaamini mwanawe amemsahau. Wewe unaamini baba yako amekataa kukusamehe. Aliyekaa katikati, anapokea pande zote na kujibu kwa adabu, ni dada yako.

Nimeamua kumsomea barua hii kabla sijaifunga. Naogopa sana, Revo. Nikiandika tena hapa chini ujue nimefanya.

*

Jumatano, 24 Septemba

Nimemsomea jana alasiri. Niliomba ruhusa kazini nikarudi mapema ili nisipate kisingizio cha kuchoka. Nilimkuta mlangoni, nikakaa chini kwenye kizingiti, nikasoma kuanzia salamu. Kwenye programu alinikatiza mara mbili kuuliza, maana mwalimu ni mwalimu, akataka kujua kama klasi mama ina haki ya kuwachapa watoto wake. Nilitamani tubaki hapo. Nilipofika pale pa kwamba hajasikia hata ujumbe mmoja, nilishusha karatasi, akaniambia kwa sauti ya darasani, endelea.

Nilipomaliza akaiegemeza fimbo yake ukutani. Kisha akaniambia nilete simu nimsomee zote tatu, kwa mpangilio, bila kuruka neno. Nikasoma. Ule wa mwezi wa tatu akataka urudiwe. Nilikuwa nimeshika mkono wake kuangalia mapigo ya moyo kama mjinga. Unajua alifanya nini? Alicheka. Akasema kelele alizosikia darasani kwa miaka thelathini na nne zilikuwa kubwa kuliko hizo, na kwamba angalau huyu aliandika, tena kwa sentensi kamili. Mambo yale niliyoyabeba miezi sita yalimchukua dakika moja kuyasikia na kuyamaliza. Ule wa pili aliusikiliza hadi mwisho, akanyoosha kidole niendelee. Wa tatu, niliposoma kwamba mtoto ni wa kiume na ana alama nyuma ya sikio kama ya marehemu mama, alivua kofia yake akaiweka magotini.

Hapo ndipo nilipotaka kumfurahisha, nikakosea tena. Nikakumbuka ile picha ya Bwana Mdogo aliyoituma Tereza Juni, amefungwa kitenge cha njano. Nikaongeza mwanga wa simu hadi mwisho, nikamsogezea karibu kabisa na jicho la kulia, lile lililokuwa linafanya kazi. Akainamisha uso, akageuza kichwa huku na huku. Akasema anaona mwanga. Nikamwuliza kama haoni uso. Akasema ni mwanga tu, binti yangu. Revo, mwezi wa sita alikuwa anasoma tarehe kwenye kalenda akiisogelea. Presha ya macho imemaliza kilichobaki kati ya mwezi wa saba na wa tisa, na daktari alishatuambia kinachoondoka hakirudi. Picha ilikuwa ndani ya simu yangu siku zote hizo, hatua tatu kutoka kwenye kiti chake. Angemwona mjukuu wake. Mimi ndiye niliyemnyima, na hilo hakuna atakayelirekebisha.

Hakunigombeza. Aliniuliza idadi ya majibu niliyoyatoa kwa jina lake, nikasema kumi na moja, akanitajisha moja moja mpaka yakaisha. Baada ya hapo akasema maneno machache, nami nayaandika kama alivyoyasema. Akasema kuanzia leo hataki nimsomee kitu wala nimwandikie kitu. Akasema Antoni atamnunulia simu yenye vitufe vikubwa, ataijua kwa vidole. Na akasema barua hii Antoni hataibeba.

Ataibeba yeye. Kwa hiyo unayasoma haya huku mwenyewe amekaa mbele yako. Antoni anamshika mkono tu kwenye ngazi za meli. Mimi nilijitolea kumsindikiza, akakataa. Ameniagiza nisibadilishe neno hata moja kuanzia juu, na amesema utaisoma yote kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, yeye akiwa anasikiliza, ili ajue kama niliyomsomea ndiyo niliyoandika. Nilipouliza kwa nini asiniamini hata kwa hili, akasema si ni wewe uliyeandika wajibu wa nne. Ukikuta mahali sauti yako imetofautiana na kumbukumbu yake, atakusimamisha. Sidhani utapakuta.

Jina la mtoto analo. Tangu jana jioni amekuwa analitamka kwa midomo tu, anatabasamu. Nilimwomba aniambie, nami ni shangazi yake. Akasema nitalisikia siku litakapokuwa limeshafika.

Msalimie sana wifi Tereza, mwambie ule ugomvi alioufanya na wewe kwa ajili yangu, wa kusema dada yako hawezi kukujibu kijuujuu hivi bila sababu, nimeusikia na sikuustahili. Msalimie shangazi Ng'washi, dawa anywe kijiko kimoja asubuhi. Baba asipewe chai yenye sukari nyingi hata akidai, na matone ya macho yako kwenye mfuko wa koti lake, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, daktari anataka yaendelee ingawa hayaonekani kusaidia. Mshikieni mkono akimpakata mtoto, lakini msimharakishe. Mwacheni ampapase uso muda atakaotaka.

Kuja kwenye ubatizo sitakuja mpaka uniite. Nitakuwa nyumbani, na kile kiti nimekiacha mlangoni palepale. Neno moja tu nakuomba, mdogo wangu. Kama hujanisamehe usinyamaze. Niandikie hivyo.

Mimi dada yako,
Paskazia Yeremia